Masta ya diplomasia Ulaya: Bruges, Geneva, Vienna au Paris? Tuvipime kwa pasipoti zetu

Kila ikikaribia mwisho wa mwaka maswali ni yale yale. Mtu kamaliza digrii yake UDSM, Nairobi, Makerere au Lubumbashi, GPA iko poa, labda keshafanya kazi mwaka mmoja miwili, sasa anataka masta ya uhusiano wa kimataifa na diplomasia huko Ulaya, kafungua tovuti za vyuo hadi simu inapata moto na kila chuo kinajisifia chenyewe. Halafu anauliza, "eti kipi kikali?" Kiukweli swali hilo halijibiki hivyo hivyo. Vyote hivi ni vikali. Tofauti iko kwenye nani anafunguliwa mlango akitoka pale, na hapo ndipo Mtanzania na Mreno wanaweza kusoma darasa moja, wakafaulu sawasawa, na bado wakatoka na vitu viwili tofauti kabisa.

Nimechukua vinne vinavyotajwa sana: College of Europe ya Bruges, Geneva Graduate Institute, Diplomatische Akademie ya Vienna na PSIA, ile shule ya masuala ya kimataifa ya Sciences Po Paris. Halafu nitagusa njia za pembeni, Ujerumani, Erasmus Mundus, Uingereza na ya mtandaoni, ambazo kwa wengi wetu kiuhalisia ndizo njia kuu, ila hazisemwi sana kwa sababu hazina jina la kutambia.

Kwanza ishu ya pasipoti

Hii wengi wanaijua wakiwa wameshalipa ada. Ajira za kudumu za Umoja wa Ulaya (EU), yaani uafisa kule Tume ya Ulaya, Bungeni kwao, au kwenye idara yao ya mambo ya nje inayoitwa EEAS (ilianza kazi 2011, ni zao la Mkataba wa Lisbon), zinapitia mitihani ya EPSO, ofisi yao ya kuajiri, na sharti la mwanzo kabisa ni uwe raia wa nchi mwanachama. Uwe na A za kumwaga, uongee Kifaransa kama mtu wa Lyon, kama huna uraia huo huingii, basi. Kuna intanshipu ya Tume inaitwa Blue Book, miezi mitano, wanachukua mara mbili kwa mwaka, Machi na Oktoba, hiyo inapokea na wasio raia ila nafasi zao ni chache na intanshipu siyo ajira. Baada ya hapo kinachobaki ni ofisi za uwakilishi za EU kwenye nchi zetu, kama ile ya Dar au ya Nairobi, zinaajiri wenyeji kwenye miradi na siasa na habari, na ni kazi nzuri tu, watu wasizidharau.

Umoja wa Mataifa (UN) hauna sharti la uraia wa Ulaya. Kwa hiyo chuo kinachokusogeza karibu na UN na chuo kinachokusogeza karibu na Brussels siyo kitu kimoja kwako, hata kama kwa mwenzako Mjerumani vyote ni heri.

Bruges

Tuanze na huyu mkubwa. College of Europe ilianzishwa 1949, vita imeisha juzi tu, wazo likiwa kuwakalisha pamoja vijana wa nchi zilizokuwa zinauana. Makao yake ni Bruges, Ubelgiji, mji mdogo wa mifereji, baadaye wakafungua Natolin pale Warsaw 1992, na mwaka 2024 wakaongeza Tirana, Albania. Kozi inayotuhusu ni ile ya Bruges, uhusiano wa kimataifa wa EU na diplomasia. Mwaka mmoja wa masomo, unaanza vuli unamaliza kiangazi, na mwaka wenyewe ni wa kukimbizwa: walimu wengi ni wa kuja na kuondoka, maprofesa wa vyuo vingine na maofisa wa Brussels wanaoshuka na treni wanapiga lekcha nzito kwa mkupuo wanarudi kazini, kwa hiyo ratiba inawafuata wao na Jumamosi yako haina guarantii. Mnakaa hosteli za chuo, mnakula pamoja. Hiyo ya kukaa pamoja watu wanaiona ndogo lakini ndiyo nusu ya ada, maana yule unayegombania naye chumvi mezani leo baada ya miaka kumi na tano ndiye anayeandika msimamo wa nchi yake kuhusu nchi yako. Rais wa Finland wa sasa, Alexander Stubb, kapita pale. Helle Thorning-Schmidt aliyekuwa waziri mkuu wa Denmark naye kapita pale.

Na ni jukwaa ambalo wakubwa wakitaka kusema jambo zito kuhusu Ulaya wanaenda kulisemea. Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza, mwaka 1988 alienda pale pale Bruges akawachana kuhusu dola kuu la Ulaya linalotawala kutoka Brussels. Oktoba 2022 Josep Borrell, akiwa ndiye mkuu wa sera ya nje ya EU, alisimama hapo mbele ya wanafunzi wa chuo kipya cha mafunzo ya wanadiplomasia akasema Ulaya ni bustani na sehemu kubwa ya dunia iliyobaki ni msitu, na msitu unaweza kuivamia bustani. Ilichafuka kweli kweli, mwakilishi wa EU kule Falme za Kiarabu akaitwa, Borrell akatoa maelezo. Naleta hii siyo kukutisha, naileta kwa sababu ukienda Bruges utasoma dunia ikitazamwa kutoka ndani ya hiyo bustani, syllabasi nzima imekaa hivyo, Afrika inaingia kama "jirani wa jirani" au kama mshirika wa uhamiaji, usalama na biashara. Mwingine hilo litamkera mwaka mzima. Mwingine atasema safi, nimekuja kujua wanafikirije.

Na huyo wa pili ndiye Bruges inamfaa, nitaeleza kwa mfano. Chukua mkataba wa EPA, yaani wa ushirikiano wa kiuchumi. Mazungumzo kati ya EU na Jumuiya ya Afrika Mashariki yalikuwa hayajafungwa ilipofika Oktoba 1, 2014, siku hiyo Kenya ikapoteza nafasi ya kuingiza bidhaa bila ushuru, maua ya Naivasha yakaanza kulipiwa ushuru Ulaya hadi mwezi wa kumi na mbili. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi hazikuguswa kwa sababu zenyewe ziko kwenye kundi la nchi maskini zaidi, zinaingia sokoni kwa ule mpango wa Kila Kitu Isipokuwa Silaha. Yaani jumuiya moja, forodha moja, lakini kwenye meza ile kila mmoja alikuwa na haraka tofauti na Brussels walikuwa wanaijua vizuri hiyo tofauti. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zikasaini, Tanzania ikagoma, na mwisho Kenya ikaenda peke yake, ikasaini Desemba 2023 na mkataba ukaanza kutumika Julai 1, 2024. Sasa mtu aliyesoma Bruges anajua ndani kule nani alikuwa na kauli: Tume inajadiliana, lakini inapewa maelekezo na Baraza la nchi wanachama, na mwisho lazima Bunge la Ulaya liridhie, na ndani ya Tume yenyewe watu wa biashara na watu wa ushirikiano wa maendeleo hawaongei lugha moja. Ukiwa afisa wa wizara ya biashara au mambo ya nje hapa kwetu, hiyo elimu ni adimu mno. Vivyo hivyo kwa bomba la mafuta la Hoima hadi Tanga, Bunge la Ulaya lilipopitisha azimio lao Septemba 2022 huku kwetu watu wakapaniki kana kwamba ni amri. Azimio lile halimfungi mtu kisheria. Ila mabenki yanalisoma.

Kwa hiyo: kama wewe keshaajiriwa serikalini, au unalenga ubalozi wetu wa Brussels, au ujumbe wa Umoja wa Afrika pale, au sekretarieti ya OACPS (ile jumuiya ya nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki, makao yake ni Brussels), Bruges ni risasi. Kama hujaajiriwa na unategemea cheti kikutafutie kazi Ulaya, mimi nisingekushauri. Halafu skolashipu zao nyingi zinafuata siasa ya EU yenyewe, yaani zinaelekezwa kwa nchi zinazopakana nao na zile za Balkan, sisi wa kusini mwa Sahara tunagombania mabaki.

Geneva

Hapa upepo unabadilika. Taasisi hii ni ya 1927, ilizaliwa kwa ajili ya kulisha Ushirika wa Mataifa enzi hizo, na 2008 ikaunganishwa na taasisi ya masomo ya maendeleo ndio ikawa hii ya sasa. Kofi Annan alisoma hapo mwanzoni mwa miaka ya 60. Masta ni miaka miwili. Jengo lao Maison de la Paix la vioo liko karibu na reli, ukipanda tramu namba 15 unashuka Nations, umefika uso kwa uso na makao ya UN, na jirani hapo una UNHCR ya wakimbizi, WHO ya afya, WTO ya biashara, ILO ya kazi, UNCTAD ya biashara na maendeleo (hii Mkenya wetu Mukhisa Kituyi aliiongoza 2013 mpaka 2021), Msalaba Mwekundu, vyote ndani ya mji ambao unaweza kuuzunguka kwa baiskeli. Kitu kinachoitwa konekisheni kule hakihitaji mjomba, unahudhuria mikutano ya pembeni ya Baraza la Haki za Binadamu, unakaa nyuma, unasalimia watu, wiki ijayo unarudi.

Uswisi siyo mwanachama wa EU, kwa hiyo usitegemee kufundishwa EU kwa undani wa Bruges. Lakini diplomasia ya mikutano ya nchi nyingi, sheria za kimataifa, biashara ya WTO, wakimbizi, afya, hapo ndipo kwenyewe. Na kwa mtu wa kwetu hii ina soko kubwa zaidi, maana Nairobi ni makao ya UNEP ya mazingira na UN-Habitat ya makazi, Arusha ina Jumuiya na mahakama ya Afrika ya haki za binadamu, mashirika ya wakimbizi yako Kigoma, Kakuma, Goma. Masta ya Geneva inaongea na waajiri ambao wapo nyumbani.

Tatizo la Geneva ni Geneva. Nitakuja kwenye hesabu.

Na jambo moja, intanshipu za Sekretarieti ya UN hazilipi. Hazilipi kabisa. Kuna mashirika yanayotoa posho, ILO na WHO kwa mfano, ila zile za Sekretarieti unakula kwa pesa yako, mji ambao chakula cha mgahawani kinakufanya ukumbuke bumu la chuo kwa heshima.

Vienna

Diplomatische Akademie ndiyo mkongwe wao, chimbuko lake ni shule aliyoianzisha malikia Maria Theresa 1754 kufundisha vijana lugha za mashariki ili wakadili na Waturuki, ikapita majina na sura mbalimbali, ikafunguliwa upya 1964. Kwa wapenda historia yetu kuna kisa: Kurt Waldheim alisoma kwenye shule hiyo enzi ikiitwa chuo cha kikonseli, akaja kuwa katibu mkuu wa UN, na mwaka 1981 alipotaka muhula wa tatu aliyemkabili ni Salim Ahmed Salim, mwanadiplomasia wetu wa Tanzania. China ikawa inampiga veto Waldheim, Marekani inampiga veto Salim, raundi baada ya raundi, mpaka wote wakajitoa akapita Pérez de Cuéllar wa Peru. Leo Chuo cha Diplomasia Kurasini kinabeba jina la Salim.

Turudi. Ni shule ndogo, ina useriasi wa kizamani fulani hivi, na iko kwenye mji wenye IAEA ya nyuklia, UNODC ya madawa ya kulevya na uhalifu, UNIDO ya viwanda, OPEC ya mafuta na OSCE ya usalama wa Ulaya. Ukitaka nyuklia, madawa ya kulevya, rushwa, nishati, Vienna inaizidi hata Geneva. Wana masta ya masuala ya kimataifa wanayotoa na Chuo Kikuu cha Vienna, na wana nyingine ya miaka miwili na chuo cha ufundi cha TU Wien, teknolojia ya mazingira pamoja na uhusiano wa kimataifa, hii naiona haipewi maksi zake, mtu wa wizara ya nishati aiangalie kwa makini.

Ila hapa kuna mtego, soma vizuri. Programu yao maarufu ya mwaka mmoja inaitwa Diploma Programme. Ni ya baada ya digrii, ni nzito, ina heshima kubwa kwao, lakini siyo masta. Wewe rudi nyumbani na karatasi imeandikwa Diploma, mpelekee mtu wa utumishi, mwambie hii ni juu ya digrii. Atakuangalia. Kwenye muundo wa kada zetu diploma iko chini ya digrii na hakuna kisanduku cha kuelezea Maria Theresa ni nani. Chukua masta.

Paris

PSIA imeanza 2010, lakini mama yake Sciences Po ni wa 1872. Ni kubwa kuliko hao wengine, wanafunzi wa kila taifa, miaka miwili, na semista ya tatu unaweza kuitumia yote nje, kwenye intanshipu au kubadilishana na chuo kingine. Hapo ndipo uzuri wake, kwa sababu unamaliza shule tayari una kitu kwenye CV siyo makaratasi tu. Mkuu wa shule tangu 2022 ni Arancha González, alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Hispania, kabla yake alikuwepo Enrico Letta aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Italia, kwa hiyo unaona levo ya watu wanaoingia darasani. Wana masomo ya kanda ya Afrika unayoweza kuyaweka kama fani ya pembeni, kitu ambacho Bruges hakina kwa kiwango hicho. Ukubwa wake ndiyo udhaifu wake pia, usipojituma unapotea humo ndani, hakuna anayekujua.

Hesabu

Sasa tuongee pesa maana ndipo ulinganisho unapogeuka kichwa chini miguu juu. Viwango vinapanda, kwa hiyo uhakikishe kwenye tovuti ya mwaka wako, mimi natoa picha.

Ukitazama ada peke yake, Geneva inaonekana ya bei rahisi: kwa mgeni imekuwa faranga 8,000 kwa mwaka. Bruges inatisha: inazidi yuro 25,000, ni milioni sabini na kitu za kwetu. Mtu anachagua Geneva anashangilia. Tulia. Ile ya Bruges ndani yake kuna chumba na chakula, na ni mwaka mmoja. Geneva watu wanahesabu karibu faranga 2,000 kwa mwezi za kuishi, sasa zidisha: 24,000 kwa mwaka, 48,000 kwa miaka miwili, jumlisha ada 16,000, umefika faranga 64,000. Yaani yule wa bei rahisi ni zaidi ya mara mbili ya yule wa bei mbaya. Paris ada kwa asiyeishi Ulaya iko kwenye yuro 20,000 na kupanda kwa mwaka, mara mbili, bado hujapanga chumba, na Paris chumba ni vita. Vienna ada inazidi yuro 10,000 kwa mwaka, maisha yako chini ya Geneva na Paris kwa mbali.

Kwa hiyo Geneva bila skolashipu usiende. Nasema hivyo wazi. Wana skolashipu kamili na za nusu, unaiomba humo humo kwenye aplikesheni, na ukipata admisheni bila hela jibu la heshima ni asante, mwakani tena. Kazi za wanafunzi zisikudanganye, Uswisi mwanafunzi wa nje ya Ulaya anaruhusiwa masaa 15 kwa wiki na siyo tangu siku ya kwanza. Paris kuna skolashipu ya Émile Boutmy kwa ajili ya wasio wa EU, na Sciences Po imewahi kuchukua vijana wa Afrika kupitia Mastercard Foundation, angalia kama mwaka wako dirisha liko wazi.

Kitu kingine wanachosahau kupima ni muda unaobakishiwa baada ya kumaliza ili utafute kazi. Ubelgiji, Ufaransa, Austria na Uholanzi wanakupa mwaka. Uswisi miezi sita. Ujerumani miezi 18.

Lugha

Bruges inataka Kiingereza na Kifaransa, siyo cha kuombea maji, unahitaji kusoma na kufuatilia darasani. Geneva inakwenda kwa lugha hizo mbili lakini ukiwa na Kiingereza peke yake unamaliza. Vienna ni Kiingereza, na wanakusukuma kwenye Kifaransa na Kijerumani. Paris unaweza kusoma yote kwa Kiingereza ila lazima utoke na lugha nyingine ya pili. Hapa ndugu zetu wa Bujumbura, Goma, Lubumbashi na wale wa Kigali wa kizazi cha Kifaransa wana mtaji ambao Mtanzania na Mkenya hatuna, na wengi wao hawajui kama ni mtaji. Sisi wa Kiingereza tuanze Alliance Française (wanafundisha Kifaransa) mapema, mwaka mzima kabla, maana kwenye diplomasia ya Afrika yenyewe tu Kifaransa kinalipa hata usipokwenda kokote.

Njia zinazoitwa za pembeni

Ujerumani. Vyuo vya umma vingi havina ada, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg wanaotoza wasio wa EU yuro 1,500 kwa semista, na vichache vingine. Unachotakiwa kuonyesha kwa ajili ya viza ni akaunti iliyofungwa yenye yuro 11,904 kwa mwaka, unatolewa 992 kila mwezi. Miaka miwili ni kama 23,800, chini ya mwaka mmoja wa Bruges. Berlin kuna masta ya pamoja ya uhusiano wa kimataifa kati ya Freie Universität, Humboldt na Potsdam, ushindani ni mkali lakini ni chuo cha maana. Halafu kuna skolashipu ya DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi, inaitwa Helmut Schmidt, kwa nchi zinazoendelea, sera za umma na utawala bora, wanakulipia mpaka kozi ya Kijerumani ya miezi sita kabla hujaanza. Dirisha lake huwa linafunga mwisho wa Julai, wengi wanalikosa kwa sababu wanawaza kila kitu ni Januari. Na kama unadhani Ujerumani haizai wanadiplomasia, Asha-Rose Migiro, naibu katibu mkuu wa UN 2007 mpaka 2012, PhD yake ni ya Konstanz.

Erasmus Mundus, masta za pamoja zinazodhaminiwa na EU, ndiyo ninayoipigia debe kuliko zote kwa mtu asiye na hela. Yuro 1,400 kwa mwezi hadi miezi 24 na ada imelipwa. Unasoma nchi mbili tatu. Zinazokaribia somo letu ni Global Studies inayoratibiwa Leipzig, ile ya usalama na ujasusi inayoongozwa na Glasgow, Euroculture, na European Politics and Society ya Prague, Leiden na wenzao. Ushindani ni wa dunia nzima, ndiyo, lakini hakuna foleni ya kwanza ya Wazungu, kuna nafasi zinatafuta watu kama sisi.

Uingereza ni mwaka mmoja na ada ya kuumiza, LSE ya London inapita paundi 25,000 kirahisi, hivyo ni Chevening, skolashipu ya serikali ya Uingereza, au usihangaike: uwe na uzoefu wa kazi masaa 2,800, na ukubali kurudi nyumbani miaka miwili. Kwa mwajiriwa wa serikali sharti hilo siyo mzigo, ni mpango. SOAS, pia ya London, napo wana masta ya masomo ya kimataifa na diplomasia, na ni sehemu mojawapo Ulaya ambapo ukitaja Ngazija au Bagamoyo darasani hutazamwi kama umekohoa.

Na kwa yule aliyeko Mtumba Dodoma, ana familia, likizo ya masomo imekwama kwa bosi: DiploFoundation na Chuo Kikuu cha Malta wana masta ya diplomasia ya kisasa inayosomwa mtandaoni. Cheti ni cha Malta. Hutapata hosteli wala chumvi ya mezani, lakini mshahara unaendelea.

Mimi ningefanyaje

Ningekuwa sina ajira na umri wangu ishirini na kitu, ningeaplai Erasmus Mundus mbili, Berlin, na Geneva kwa sharti la skolashipu, Bruges ningeiacha kabisa. Ningekuwa afisa mambo ya nje au biashara mwenye kazi ya kurudi, ningeweka Bruges ya kwanza, Chevening ya pili, na wizara ningeibana inidhamini kwa hoja ya EPA. Mtu wa nishati na mazingira, Vienna. Paris ni kwa mwenye skolashipu anayetaka mashirika yasiyo ya serikali au kampuni za ushauri, wale ambao hiyo semista ya nje itawafaa.

Barua ya kuomba nayo, tafadhali, tuachane na "tangu utotoni nimependa kuiwakilisha nchi yangu." Wanasoma hizo mpaka wanasinzia. Andika kitu kimoja unachokijua kuliko wao. Mfano: nimefanya kazi mpakani Namanga, nimeona cheti cha uasilia wa bidhaa kikikataliwa mara ngapi na kwa nini, nataka kuelewa sheria iliyoko nyuma yake. Sentensi moja ya hivyo inakushindia kurasa mbili za ndoto.

Kabla hujalipa chochote, uliza TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania (Kenya ni CUE), kama wataitambua hiyo shahada, kwa jina lake kamili, siyo jina la chuo tu, maana Ajira Portal, mfumo wa kuomba kazi serikalini, haitakusikiliza baadaye. Viza nayo ina jiografia yake: Ubelgiji, Uswisi, Ufaransa na Ujerumani wana balozi Dar, Austria iko Nairobi, kwa hiyo wa Vienna aweke na nauli ya basi kwenye bajeti. Nyingi za hizi zinafunga kati ya Novemba na Februari. Transkripti ianze kudaiwa sasa hivi, na wale walimu wawili wa kukuandikia barua uwakumbushe kabla hawajaanza kusahihisha mitihani, ukiwakuta kwenye rundo la skripti utasubiri mpaka Machi.